SANAMU KUBWA ZA NJIANI, NA CHUKUDU YA GOMA



Mnakumbuka mkutano wa wanafunzi wa mwezi uliopita. Neno moja lilileta kelele nyingi, hata Bwana Mkuu wa nidhamu akaingia kutazama kama tunapigana. Mwenzetu mmoja alisimama akasema: "Shule yetu haijulikane. Makamyo inapita pale njiapanda, hakuna mutu anajua kama huku kuko shule. Tujenge sanamu kubwa pale, mwanafunzi na kitabu chake, mita sita. Kila mutu ataona!" Wengine walipiga makofi. Wengine walisema hiyo ni kuabudu sanamu. Mwingine, mtunza sanduku letu, aliuliza neno moja tu: "Falanga gani?" Kengele ikalia, tukatoka bila kupatana.

Kesho yake Bwana Prefe alituita sisi wasimamizi wa wanafunzi. Alisema si vizuri watu wapige kura juu ya kitu wasichokijua. Akatupa kazi ya kueleza katika gazeti hili: sanamu kubwa za kando ya njia ni kitu gani, zilitoka wapi, zinatengenezwaje, na zinafaa nini. Tumesoma, tumeuliza, tumebishana kati yetu saa ya etidi. Haya ndiyo tuliyoyapata. Msomaji mwenye haraka asirukie mwisho, maana katikati kuko neno linalotuhusu sisi wenyewe.

1. MAJITU YA NJIA ZA MAREKANI

Tuanze mbali, kwa watu waliozoea kazi hii kuliko wengine wote.

Katika Marekani kuko njia moja yenye sifa, iliyopewa namba 66 mwaka 1926. Watu wanaiita Route 66. Ilitoka mji wa Chicago, ikapita majangwa na mashamba, ikafika California karibu na bahari. Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha mwaka 1945, watu wengi wa kule walinunua magari, wakaanza kutembea na watoto wao wakati wa likizo. Kando ya njia kukawa vituo vya mafuta, hoteli, magaraji na nyumba za kula. Kila mwenye duka alitaka gari lisimame kwake, lisipite mpaka kwa jirani. Aliweka kibao. Jirani naye akaweka kibao. Aliongeza taa. Jirani naye akaongeza taa. Basi afanye nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtu mmoja wa California, jina lake Bob Prewitt, alitengeneza mtu mkubwa sana mwenye ndevu na shoka. Mtu huyo aliitwa Paul Bunyan, ni jitu la hadithi za wakata miti wa Amerika ya kaskazini. Sanamu hiyo ilisimama mbele ya nyumba ya kula katika mji wa Flagstaff, jimbo la Arizona. Baadaye kazi hiyo ilinunuliwa na mtu mwingine, Steve Dashew, mwenye kampuni iliyoitwa International Fiberglass, katika mji wa Venice, California.

Hapo tazameni akili ya biashara. Forma ya mkata miti ilikuwa tayari. Mikono yake ilikunjwa mbele ili kushika shoka, kiganja cha kuume kikitazama juu na cha kushoto kikitazama chini. Ukiondoa shoka, mikono ile inaweza kushika kitu kingine chochote. Mwenye garaji alimpa bomba la moshi la gari. Mwenye kuuza pine alimpa pine. Mwenye kuuza chakula alimpa mkate mrefu wenye soseji. Walibadili kichwa, walibadili kofia, walibadili rangi ya shati, lakini mtu alibaki yule yule. Ndiyo sababu Wamarekani wanawaita Muffler Men, maana yake watu wa bomba la moshi. Urefu wao ni mita 6 hivi, wengine zaidi, na kampuni ile iliuza mamia.

Mmoja wao ana sifa kupita wenzake. Mwaka 1965 alisimamishwa katika mji wa Wilmington, jimbo la Illinois, mbele ya nyumba ya kula. Wakati ule Marekani ilikuwa inatuma watu angani kwa vyombo vilivyoitwa Gemini. Basi mwenye nyumba alimvalisha jitu lake kofia ya mwanaanga, akampa roketi mikononi, akamwita Gemini Giant. Ana urefu wa mita 9 hivi.

Lakini mambo ya dunia hayakai. Barabara mpya pana zilijengwa, magari yakaacha njia 66. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda sana. Kampuni ya majitu ilifungwa katika miaka hiyo ya 1970. Majitu mengi yalibaki bila mikono, mengine yalitupwa nyuma ya magaraji. Halafu watu walianza kuyakumbuka, kama mtu anavyokumbuka nyumba ya bibi yake. Mwaka 2024 Gemini Giant aliuzwa kwa mnada, bei dola 275.000, akanunuliwa na nyumba ya makumbusho ya mji wa Joliet, akarudishwa kusimama Wilmington. Mnaona? Aliwekwa pale kwa kuuza chakula, na mwishoni akauzwa yeye mwenyewe kwa bei kuliko chakula chote.

2. JITU LINATENGENEZWAJE?

Wengi walituuliza: mtu wa mita 6 akiwa wa simenti, si ataanguka? Akiwa wa mti, si ataoza? Jibu ni kwamba majitu hayo si ya simenti wala si ya mti. Ni ya nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi.

Msishangae. Kioo kikiyeyushwa kwa moto mkali kinaweza kuvutwa kikawa uzi mwembamba kuliko nywele ya kichwa. Uzi huo haukatiki ovyo ukiuvuta, lakini peke yake unalegea kama kitambaa. Gundi yake inaitwa resini. Ni maji mazito yanayogeuka kuwa magumu yakichanganywa na dawa yake. Resini peke yake ni ngumu lakini inapasuka upesi. Ukiviunganisha, kila kimoja kinafunika udhaifu wa mwenzake.

Jambo hili sisi watu wa Masisi na Walikale tunalijua tangu zamani bila kujua kwamba tunalijua. Tazameni nyumba ya fito na udongo. Fito peke yake haizuii mvua wala upepo. Udongo peke yake unapasuka ukikauka. Ukikandika udongo juu ya fito, nyumba inasimama miaka mingi. Tena mnakumbuka katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 5, Waisraeli huko Misri walichanganya majani makavu na udongo wa matofali, na Farao alipowanyima majani kazi ikawa taabu. Ni maarifa yale yale.

Sasa kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwanza fundi anafinyanga mtu mzima kwa udongo au plasta. Juu yake anatengeneza forma, kama forma yetu ya matofali, lakini yenye sura ya pua, ya ndevu na ya vidole. Anapaka nta ndani ya forma ili kitu kisishike. Anapaka rangi. Halafu anaweka nyuzi za kioo na resini, tabaka juu ya tabaka, anangoja zikauke. Anatoa kipande cha mbele, anatoa kipande cha nyuma, anaviunga. Ndani mtu huyo ni tupu kama mtungi. Wanaingiza vyuma ndani yake ili upepo usimwangushe, wanamfunga chini kwa bulo katika simenti. Kwa kuwa ni mwepesi na anakatwa vipande, anapakiwa juu ya gari na kupelekwa mbali. Hapati kutu, hali na mchwa. Adui zake ni jua, linalofifisha rangi, na upepo mkali. Tena vumbi la nyuzi za kioo si zuri kwa ngozi na kwa mapafu, kwa hiyo mafundi wanajifunika.

Jambo moja mlishike: forma ikiisha kutengenezwa, mtu wa pili ana bei ndogo kuliko wa kwanza, na wa mia moja ni rahisi zaidi. Ndiyo maana majitu yale yote ni ndugu wa sura moja.

3. UKUBWA UNATOKA KATIKA MBIO

Kwa nini mita 6? Kwa nini si mita mbili? Hapa tulifanya hesabu kama tulivyofundishwa.

Gari linalokwenda kilometa 90 kwa saa linapita mita 25 kila sekunde. Kibao kidogo unachoweza kukisoma ukiwa mita 50 kinakupa sekunde 2. Kabla hujamaliza kusoma umekwisha pita. Lakini jitu linaloonekana ukiwa mita 500 linakupa sekunde 20. Katika sekunde 20 mtoto anapiga kelele, mama anacheka, baba anafikiri, anapunguza mwendo, anasimama. Basi ukubwa wa jitu ni mtoto wa lami na wa mbio. Ukiondoa mbio, ukubwa unapoteza kazi yake.

Sasa rudini kwetu. Kutoka Sake kupanda Masisi, halafu kuteremka katika msitu wa Walikale, mnajua njia ilivyo wakati wa mvua. Kamyo inaweza kulala katika matope siku mbili. Lami ilikuwa kitu cha tunu hata katika miaka ya 2000, kule Kilambo katika Walikale, ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe ili kuchukua mawe ya madini, maana kipande kile kilikuwa kizuri cha kutosha kuwa kiwanja. Mahali ambapo gari linakwenda pole kuliko mtoto wa mwaka wa kwanza, nani ana lazima ya jitu? Msafiri anashuka, anatembea kwa miguu, anaona kila kitu. Mama anayeuza jibini ya Masisi hana kibao hata kimoja. Anakata kipande kidogo kwa kisu, anakuonjesha. Mwenye kuuza mahindi ya kuchoma anaacha moshi ufanye kazi. Matangazo ya kwetu ni mdomo, ni pua, ni salamu.

Hii haina maana kwamba kwetu hakuna sanamu kubwa. Kuko moja, tena wengi wetu tumeiona.

4. SANAMU YA GOMA

Mwaka 2009, katika mji wa Goma, Rais Joseph Kabila alizindua sanamu ya mtu anayesukuma chukudu. Iko katikati ya mzunguko wa barabara ambao watu wanauita Rond-point Tshukudu. Imepakwa rangi ya zahabu na imeinuliwa juu, hata ukiwa mbali unaiona iking'aa. Mgeni akifika Goma anapelekwa pale. Wanaofunga ndoa wanapita pale. Picha zake zimefika nchi nyingi.

Kwa wale wenzetu waliotoka mbali na ambao hawajaizoea, chukudu ni chombo cha mti chenye magurudumu mawili, la mbele na la nyuma, na usukani kama wa kinga. Magurudumu yenyewe ni ya mti, yamevikwa ukanda wa pine ya gari iliyochakaa. Haina injini, haina mnyororo. Mwenye chukudu anaweka goti moja juu ya ubao, anasukuma kwa mguu wa pili. Kwenye mteremko anaiacha iende, na mguu wake ndio unaoamua kama atafika mzima. Kwenye mlima anaisukuma kwa kifua. Inabeba makala, viazi, kabichi, mbao, bidoni za maji, kilo 400 na zaidi. Ilianza kuonekana kwa wingi huku kwetu katika miaka ya 1970, wakati mambo ya pesa na mafuta yalipokuwa magumu katika nchi. Mlima wa Nyiragongo ulipotapika moto tarehe 17 Januari 2002 na kufunika katikati ya Goma, mji ulijengwa tena juu ya mawe meusi, na mbao nyingi na mawe mengi ya kazi hiyo vilipita juu ya chukudu.

Sasa linganisheni. Miji mingi ina sanamu. Katika Kinshasa kulikuwa sanamu ya mfalme Léopold II, ikaondolewa mwaka 1967. Mombasa, katika Kenya, kuko pembe nne kubwa za aluminiyamu zinazopita juu ya barabara. Zilianza katika miaka ya 1950 kwa kuwapa heshima wageni wa jamaa ya kifalme ya Uingereza, na leo kila mtalii anapiga foto chini yake. Sanamu nyingi ni za wafalme, za askari, au za wageni wakubwa. Majitu ya Marekani ni ya kuuza vitu. Lakini Goma haikuweka mfalme, wala haikuweka chupa. Iliweka mtu wa kazi, yule unayekutana naye kila asubuhi akitoka jasho.

Tena kuko tofauti nyingine. Jitu la Marekani halina kazi yake mwenyewe. Leo linashika shoka, kesho linashika pine, kesho kutwa mkate. Mtu wa Goma huwezi kumwondolea chukudu ukamwekea kitu kingine. Ukiiondoa, hakuna sanamu.

5. NENO TUNALOPASWA KUKIRI

Tumefika pale tulipowaambia msiruke.

Mwaka 2022 kwaya yetu ilikwenda Goma. Wengi kati yetu tuliokuwa wadogo wakati ule tulikimbia mpaka kwenye sanamu. Tulimlipa mpiga picha. Tulisimama kwa kujivuna, mkono kiunoni. Foto moja ya siku ile imebandikwa ukutani katika bweni letu mpaka leo.

Mwezi wa tisa uliopita, siku ya kufungua shule, sisi wasimamizi tulikaa langoni tukiandika majina. Wengine walifika juu ya moto, wengine kwa kamyo. Halafu alifika mtoto mmoja mdogo, anaanza mwaka wa kwanza wa sekondari. Sanduku lake na godoro lake vilikuwa juu ya chukudu, na baba yake alikuwa anaisukuma. Matope yalimfika magotini. Pale kwenye mpando mbele ya lango, gurudumu lilizama. Mmoja wetu akasema: "Angalieni, limuzini ya Masisi imefika!" Tukacheka. Wote. Hakuna aliyesimama kumsaidia.

Yule baba aliivuta peke yake mpaka ikatoka. Alifika mbele ya meza yetu, akavua kofia, akasema: "Jambo yenu, batoto. Njo huku banasomea?" Tukajibu ndiyo, Baba. Akashusha sanduku, akamshika mtoto kichwa, akarudi na chukudu yake. Mtoto alikuwa anatazama chini.

Usiku ule, mmoja wetu alikuwa amelala akitazama ukuta. Aliona ile foto. Akasema polepole: "Tulilipa falanga juu ya kusimama na ule wa zahabu. Na ule wa kweli tulimucheka." Hakuna aliyejibu. Tulijifunika.

Ndugu zetu, huyu wa zahabu hachoki. Hanyeshewi akaugua, hadaiwi kitu kwenye kizuizi, gurudumu lake halizami, hana mtoto wa kulipia minervali. Kumpenda ni rahisi sana. Yule wa matope ndiye mgumu, maana ukimpenda inabidi usukume. Tena tusisahau mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, vita ilipofika Masisi na Goma. Wengi wetu tulikimbia na jamaa zetu. Wazee wasioweza kutembea, magodoro, masufuria, wagonjwa, nani alivibeba? Makamyo hayakuwapo. Chukudu zilikuwapo.

Tunamwomba yule mwenzetu mdogo msamaha mbele ya shule nzima. Hatutaji jina lake, yeye anajijua, nasi amekwisha kutujua.

Hapo pia tuseme neno la dada mmoja wa darasa letu. Tulipokuwa tukibishana saa ya etidi, alisikiliza kimya, halafu akauliza: "Na mama anayebeba muzigo ku mugongo, kamba inakaza kichwa, tangu shamba mpaka soko, sanamu yake iko wapi?" Wavulana walicheka kidogo, halafu wakaacha. Tumetafuta jibu mpaka leo, na hatuna.

6. JE, NI KUABUDU SANAMU?

Swali hili liliulizwa kwa ukali, na katika shule ya Kiprotestanti ni haki liulizwe.

Katika Danieli mlango wa 3 tunasoma juu ya jitu kubwa kuliko yote ya Marekani. Mfalme Nebukadneza alisimamisha sanamu ya zahabu, kimo chake mikono 60, upana wake mikono 6, katika uwanda wa Dura. Ngoma zikilia, kila mtu aanguke chini. Asiyeanguka, tanuru. Shadraka, Meshaki na Abednego walibaki wima.

Lakini katika Yoshua mlango wa 4, watu walipovuka Yordani waliamriwa kuchukua mawe 12 na kuyasimamisha Gilgali. Kusudi lilikuwa nini? Ili watoto watakapouliza maana ya mawe yale, wazazi wawaelezee njia waliyopita.

Sisi tunaona tofauti iko hapo. Mbele ya kitu cha Nebukadneza hakuna ruhusa ya kuuliza, kuko kuanguka tu. Mawe ya Gilgali yaliwekwa ili watoto waulize. Basi sanamu ya njiani tuipime hivyo hivyo. Ikimfanya mtoto aulize "huyu ni nani, alifanya nini?" na mzazi akawa na jibu la kweli, si mbaya. Ikitufanya tujivune na kufunga macho, hata ikiwa ya mwanafunzi na Biblia mkononi, ni mbaya. Walimu wetu wa dini watatusahihisha kama tumekosea.

7. TUNALOSHAURI

Sasa juu ya sanamu yetu ya njiapanda. Nyuzi za kioo na resini hazipatikane huku, zingetoka mbali kwa bei kubwa. Simenti inapanda bei kila inapopanda mlima. Falanga zilizo katika sanduku la wanafunzi hazitoshi hata miguu ya sanamu, na kuko wenzetu ambao wanaweza kufukuzwa kwa sababu ya minervali kabla mwanafunzi wa simenti hajapata kichwa. Tena tumeonyesha kwamba jitu ni la njia ya mbio, na njia yetu haina mbio.

Lakini aliyetoa shauri alisema kweli moja: shule yetu haijulikani. Basi tunaleta mashauri matatu, na mkutano ujao mtapiga kura.

La kwanza, tutengeneze kibao cha mbao pale njiapanda, chenye jina la shule na mshale, kilichopakwa rangi vizuri. Kwa mwendo wa magari ya huku, kila msafiri atakisoma mara mbili.

La pili, salongo ya Jumamosi. Ule mpando mbele ya lango, ambapo chukudu zinazama kila mvua, tuujaze mawe na tuchimbe mifereji pande mbili. Wenye chukudu wanapita vijiji vyote, wanasema na watu wote sokoni. Wakisema "pale ku shule ya ile mulima batoto balitutengenezea njia," hilo ni tangazo ambalo jua halifuti rangi yake.

La tatu halihitaji kura. Kuanzia leo, msimamizi yeyote akiona chukudu inashindwa mbele ya lango, kalamu chini, aende kusukuma. Na mama mwenye mzigo mgongoni, apishwe njia na kusalimiwa kwanza.

Anayetaka bado sanamu asikasirike. Aje kwenye mkutano, alete hesabu zake, tutamsikiliza. Huenda siku moja lami itafika, magari yatakimbia, na watoto wetu watakuwa na sababu ya kujenga. Hapo wachague vizuri watamweka nani juu, na wamkumbuke yule mama.

Salongo ni Jumamosi, saa mbili ya asubuhi, kila mmoja na jembe, mpauro au jiwe lake. Tulimwambia yule mwenzetu mdogo amjulishe baba yake kwamba ile njia inatengenezwa. Alijibu: "Baba anasema atakuja. Anasema nyinyi mutabeba jiwe moja moja, yeye ataleta yote mara moja."



Ni sisi, wasimamizi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho.